Sahani ya Yakuti na Mrija wa Oksijeni

Jumatatu, 5 Agosti
Nipo kwenye kituo cha darubini mlimani, mita elfu tano na mia mbili juu ya usawa wa bahari, na bado naonewa! Bosi Nélida katangaza kwamba atakayeizungusha sahani ya darubini mara ya kwanza ndiye atakayekuwa mkuu wa zamu. Kisha akamteua Yasna aizungushe. Yasna! Kaja juzi tu kutoka Concepción, huko pwani, mrija wa oksijeni puani tangu getini. Mimi Belarmino, mzaliwa wa Toconao, huku huku milimani, sijawahi kuuvaa. Eti bila mrija usiguse kitufe. Kanuni ya watu wa pwani hiyo.

Jumatano, 7 Agosti
Sahani yenyewe ni ya yakuti, imo ndani ya pipa la baridi, imeshikwa na vidole vitatu vya chuma. Ikishapoa sawasawa, sumaku zitaielesha hewani, ndipo vidole viachie nayo izunguke. Siku ya kumi na mbili tunangoja. Yasna anasema mpaka Ijumaa. Maringo tu! Kesho wakienda kula, naachia vidole mwenyewe. Wakirudi watamkuta mkuu wa zamu kakaa.

Alhamisi, 8 Agosti
Wameenda kula. Nimekunywa chai ya majani ya koka, dawa yetu ya hewa nyepesi, vikombe vitatu. Kichwa kinagonga, si kitu. Kipimajoto kinaonyesha baridi ya kutosha kabisa. Yasna akachungulia mlangoni.

“Kaka Belarmino, vaa mrija wako. Huku juu mtu anahesabu vidole vyake anapata saba.”

Dharau gani hii! Nilimngoja aondoke, nikabonyeza kitufe cha kuachia vidole.

Kishindo. Kama sinia limeanguka jikoni.

Bosi alikuja na kijiko mkononi. Hakufoka, na hilo ndilo lililoniudhi.

“Umesoma kipimajoto kipi?”

Nikamwonyesha. Kumbe kile ni cha mashine ya kupozea, inayotangulia kupoa. Cha sahani ni cha pembeni yake, nayo ilikuwa bado haijapoa, sumaku hazikuishika. Vinafanana! Majina yameandikwa, sawa, lakini kwa herufi ndogo kama chawa.

Jumamosi, 10 Agosti
Sahani haikuvunjika. Ila pipa lipashwe joto, lifunguliwe, lipozwe upya. Mwezi mzima wa kutazama mbingu umepotea, na lawama zote kwangu! Yasna ndiye mkuu wa zamu. Mimi nimeshushwa mjini San Pedro, chini ya mlima, naosha magari.

Nimetakiwa kuandika nilichojifunza. Nimeandika: herufi ziongezwe ukubwa.

Bosi anasema Septemba naweza kurudi juu, kwa sharti nivae mrija. Nimekubali, nimetia sahihi. Nitauvaa puani kutwa nzima, kila mtu auone. Chupa ya oksijeni ndiyo sitaifungua.