Shababi na Popo wa Ghalani

Jumatatu, 14 Julai 2025

Nimepata bahati! Ghala la mpunga la kikundi chetu hapa Mahege limeingiliwa na popo. Magunia yote yamechafuka. Bi. Salima, mwenyekiti, ametangaza kwamba atakayewaondoa kabla ya Ijumaa atakabidhiwa ufunguo wa ghala. Ufunguo! Mwenye ufunguo husalimiwa kwanza, hata na wenye pikipiki.

Jirani yangu Sadala tayari ameomba wavu wa chuma. Anataka kungoja popo watoke jioni, kisha azibe matundu. Kazi ya waoga! Mimi ninaye Shababi, paka wangu. Jana mchana alimkamata popo barazani kwa pigo moja. Ni kweli kwamba popo yule alikuwa chini, akipapatika juani, hawezi hata kuruka. Lakini pigo ni pigo.

Jumanne, 15 Julai

Ushindi! Shababi aliingia ghalani saa nne, na saa nne na nusu alikuwa na popo mdomoni. Nilihitaji ushahidi wa kumpelekea Bi. Salima. Nikamvuta popo. Shababi akavuta. Nikavuta zaidi. Shababi akamwachia popo, akaling'ata dole gumba langu.

Mke wangu Johari alitaka niende hospitali mara moja. Hofu za bure! Nilimweleza kwamba paka si najisi; hunywa maji chomboni, nasi tukatawadhia yaliyobaki. Kitakachonidhuru ni kipi? Nimeosha mara tatu kwa kata ya maji, nikapiga bismillahi. Yamekwisha. Zaidi ya hayo, ugonjwa anaouhofia ni kichaa cha mbwa. Katika jambo hili hakuna mbwa.

Bi. Salima hakuupokea ushahidi. Alisema niutoe mezani kwake haraka.

Jumatano, 16 Julai

Sadala yuko juu ya ngazi, anapigilia wavu wake. Aliniona na kitambaa doleni, akaniuliza kwa sauti ya mtaa mzima: "Bwana Ukasha, fundi wako amedai ujira?" Nilimjibu kwamba nimechomwa na mwiba. Akataka kujua ni mwiba gani unaoacha madoa mawili ya damu kitambaani.

Kisha Johari akanishitaki kwa Maalim Muhidini, mwalimu wa madrasa yetu. Nilifurahi mno! Maalim angeamua upande wangu.

Maalim alikubali kwamba paka ni tohara. Nikamtazama Johari. Halafu akasema kwamba tohara ni habari ya swala, na kirusi hakiswali. Akauliza kama Shababi amechanjwa. Hakuchanjwa, siku ya chanjo nilimficha uvunguni, nikiogopa atapoteza ukali. Akauliza habari za popo wa barazani, ambaye Johari alikuwa amemtaja. Nilipomweleza, alivua miwani. Alisema dalili za ugonjwa huo zikishaanza, waganga hawana la kufanya.

Nilimwomba anisubirie hadi Ijumaa, nipate ufunguo kwanza.

"Ijumaa, mwanangu, unataka kuswali au kuswaliwa?"

Dole likawa zito ghafla. Maalim mwenyewe akaita bodaboda.

Alhamisi, 17 Julai

Jana nilifika Kibiti giza limeingia, nikalala kwa shemeji. Asubuhi, hospitali. Muuguzi alilisugua jeraha kwa sabuni chini ya bomba, dakika kumi na tano kamili kwa saa ya ukutani. Alisema hilo lilipaswa kufanyika Jumanne, palepale. Nilitaja kata yangu ya maji. Akaongeza sabuni.

Alinifafanulia yote. Popo mgonjwa humwambukiza paka, paka humwambukiza mtu kwa mate, na jina la mbwa halimzuii yeyote. Popo aliyeanguka mchana haguswi, wala paka haachiwi amchezee. Nikachomwa sindano ya kwanza, nikapewa kadi yenye tarehe za nyingine. Alinionya kwamba chanjo si ruhusa.

Nyumbani nilimkuta bwana mifugo. Amemfungia Shababi katika banda la kuku, tumchunguze. Chakula apewe bila kushikwa.

Johari hakunigombeza. Aliishika kadi yangu kwa mikono miwili, akalia, akasema hajui angeishije katika nyumba hii peke yake. Niliona haya. Niliapa kwamba popo na mimi basi.

Jumapili, 20 Julai

Sadala amepata ufunguo. Popo walitoka, hawakuweza kurudi. Ameutundika shingoni kwa kamba nyekundu! Leo Bi. Salima alimsalimia yeye kwanza, mimi nikafuata baada ya mbuzi.

Lakini habari ni hii: popo wamehamia kwenye paa la madrasa! Na leo nimechomwa sindano ya pili! Nimepiga hesabu: Mahege nzima, ni nani mwenye kadi iliyopigwa mhuri mara mbili? Sadala? Hana hata sindano moja. Kwa hiyo mtaalamu ni mimi peke yangu. Paka simhitaji, alikuwa ananichelewesha tu.

Nimeazima ngazi kwa Sadala. Nimemwambia ni ya kuangulia nazi. Johari nimemwambia naenda kwa Maalim, na si uongo, madrasa ni yake.

Muuguzi alisema chanjo si ruhusa. Hakusema ruhusa ya nini.

Glavu alizonipa bwana mifugo nimeziacha. Za nini?