Hamsini Jumlisha Thelathini

Jumatatu, 9 Juni 2025
Likizo. Baba amepanda basi kwenda Biharamulo kuwachukua shangazi zangu. Atarudi Ijumaa. Jumamosi tunapeleka pombe ya ndizi Mabawe, kwa wakwe wa dada Marsiana. Wao wameshaleta mahari. Sasa ni zamu yetu, na wakiikataa pombe, hakuna harusi. Marsiana hali vizuri tangu wiki iliyopita.

Baba ameniachia kazi moja. Nichukue oili namba arobaini dukani kwa Mzee Hasani, nimpe fundi Audax aijaze kwenye pikapu. Injini yetu ni kuukuu, inakunywa namba arobaini tu. Breki nazo zimelegea, amesema, lakini hizo ataziangalia mwenyewe.

Kazi moja. Siwezi kukosea.

Jumanne, 10 Juni
Namba arobaini imekwisha! Nilimwamkia Mzee Hasani shikamoo, akaitika marahaba mjukuu wangu, kisha akasema mzigo wa Mwanza utafika Jumatatu. Nimwambie baba yangu apande Mabawe kwa miguu, kitambi kipungue. Akacheka peke yake.

Pikapu isipoenda, pombe haiendi. Pombe isipoenda, Marsiana atabaki nyumbani mpaka azeeke, na tutalala chumba kimoja daima.

Mchana nimepekua stoo. Kuna oili namba hamsini, ya mashine ya kusaga. Kuna namba thelathini aliyoiacha binamu. Nikakaa chini nikapiga hesabu. Hamsini jumlisha thelathini, themanini. Gawanya kwa mbili. Arobaini!

Kwenye kopo, mbele ya thelathini kuna tano na herufi fulani. Nimeziacha. Hesabu haikuzihitaji.

Bibi Josefina naye hufanya hivyohivyo. Juisi ya ndizi ya kwanza ni nzito, ya pili ni nyepesi, anazichanganya mpaka iteleze sawasawa kati ya vidole. Muhula uliopita Yuster alinishinda fizikia kwa alama mbili. Yuster asingewaza jambo hili hata kwa mwaka mzima.

Jumatano, 11 Juni
Nimefanya! Nimechanganya kwenye dumu la njano la lita tano, nikapima kwa vidole kama Bibi. Inateleza. Nimejaza injini mpaka alama ya juu ya kijiti cha kupimia oili. Imebaki nusu dumu.

Kisha nikafanya kosa. Nikaenda kwa fundi Audax kuuliza, kwa niaba ya rafiki, kama oili nzito na nyepesi zinaweza kukaa injini moja.

Fundi aliweka spana chini. Alisema huyo rafiki ni muuaji. Kwa injini ile ya zamani itanoki, yaani itakamata na kugoma kabisa, tena itachagua katikati ya mlima, gari lirudi kinyumenyume na watu wote. Yuster alikuwepo, maana fundi ni mjomba wake. Akauliza kwa sauti tamu rafiki huyo ni nani. Nikasema ni wa Kibimba.

Sina rafiki Kibimba.

Alhamisi, 12 Juni
Nimemwona baba akirudi kinyumenyume mara saba leo, kila nikifumba macho.

Saa nne asubuhi Yuster alifika eti kumsalimia Bibi. Akasema shikamoo bibi, huku macho yake yapo stooni! Nikakimbia, nikaziba dumu la oili kwa jani la mgomba, nikalisukuma katikati ya madumu ya pombe. Yote ya njano. Yote yana jani. Yuster alichungulia, akaniambia nimekonda. Nikamwambia ni masomo.

Mchana nimeficha ufunguo wa pikapu ndani ya gunia la maharage. Bila ufunguo hakuna safari, bila safari hakuna kifo.

Jioni Bibi alichota maharage ya kupika. Yebaba! akasema, maharage ya mwaka huu yana chuma.

Ijumaa, 13 Juni
Baba amerudi na shangazi watatu. Kitu cha kwanza, amechomoa kijiti cha oili. Ameangalia. Amesema mbele ya wote kwamba Anneth ni mtoto wa kutumainiwa.

Afadhali angenichapa.

Nilipendekeza twende kwa miguu, kuheshimu mila. Shangazi wote watatu waliangalia miguu yao, kisha wakaniangalia mimi.

Jumamosi, 14 Juni
Nilikaa mbele, kati ya Baba na Bibi, macho kwenye taa nyekundu ya oili. Kila mlima nilisali. Kwenye mteremko Baba alizima injini, kama kawaida yake ya kubana petroli, akakanyaga breki mara tatu ndipo ikashika. Alipowasha tena, taa ilimeta. Nikapiga kelele. Bibi akaniuliza kama nimekanyagwa.

Lakini injini haikunoki! Tulifika Mabawe tukiwa hai wote. Nilishuka nikicheka. Nilitaka kumkumbatia mtu.

Kisha nikahesabu madumu pale uani. Bibi alipika madumu sita.

Saba.

Bibi, ambaye macho yake hayaoni vizuri, alikuwa ameshamimina kibuyu cha kuonja. Kwetu mwenye pombe huonja kwanza, wakwe waone haina sumu. Baba alipiga magoti mbele ya baba mkwe, Mzee Telesfori, akavuta mrija.

Akaacha kuvuta. Mashavu yamejaa. Kutema mbele ya wakwe ni tusi. Aliangalia mbingu, akameza.

Akasema, kwa sauti ndogo, kwamba pombe hii bado changa, turudi nayo. Mzee Telesfori alisema taratibu kwamba mtu anayerudi na pombe yake anarudi pia na binti yake. Shangazi mmoja alianza kulia.

Nikamwona Marsiana kichwani, na sahani yake ambayo hajaigusa. Nikasimama. Nikasema, shikamoo babu, hiyo ni oili ya gari, nimeiweka mimi, pombe ni yale madumu mengine.

Mzee alinusa kibuyu. Akauliza, namba ngapi?

Nikajibu, arobaini, kwa wastani.

Alicheka mpaka fimbo ikamdondoka. Alisema ukoo ambao baba anameza oili ili asiwaaibishe wakwe, huo ndio wa kuoana nao. Wametutoza mbuzi mmoja. Harusi ipo!

Muuguzi wa zahanati alimwuliza Baba mara tatu amekunywa nini.

Jumapili, 15 Juni
Marsiana amekula sahani mbili. Fundi Audax amemwaga oili yote ya injini, akimwuliza Baba habari za Kibimba. Baba amenikataza kugusa injini maisha yangu yote. Nimekubali. Nimetafakari kwa uaminifu, na nimeona kosa lilikuwa dumu. Hesabu ilikuwa sahihi. Gari lilipanda mlima.

Baba anaumwa tumbo, hajaziangalia breki. Jumamosi ijayo ni harusi, na mteremko ni uleule. Naogopa sana. Breki si injini.

Kwenye kifuniko cha mafuta ya breki pameandikwa namba nne. Stooni ipo namba tatu. Mzee Hasani anayo namba tano. Amenionya kwamba hizo mbili hazikai pamoja. Nadhani alimaanisha kwenye shelfu.

Tatu jumlisha tano, nane. Gawanya kwa mbili.