Morogoro Wanatupita Jozi Tisini

Jumatatu, 15 Septemba

Daftari, u hali gani? Sijawahi kuandika habari zangu mwenyewe. Darasa la nne lilinifikisha kwenye barua, basi naanza kama barua. Mume wangu Shimba hajambo, ila goti. Baba mkwe, mzee Ndalahwa, hajambo, amekula. Mjukuu Kashindye hajambo, ameota jino. Kuku wawili wanaatamia. Binti yangu Rebeka yuko Morogoro, sijui kama hajambo, jana hakupiga simu.

Sasa habari. Kiwandani kwetu Buswelu, hapa Mwanza, tunapachika mikanda kwenye kandambili. Leo amekuja bwana Abdillah kutoka makao makuu Dar, ana saa ya kubonyeza. Akasema mtu mmoja wa tawi la Morogoro anamaliza jozi mia nne kwa siku, wa Mwanza mia tatu na kumi. Mashine zile zile! Mpira ule ule! Hesabu inafungwa Jumamosi. Tawi litakaloshindwa, watu wake kumi wenye jozi chache watahamishiwa kwa walioshinda.

Nikakaa chini. Rebeka yuko tawi hilo hilo la Morogoro, mwaka wa pili sasa. Wao wakishindwa, naye akiwa kwenye wale kumi, analetwa nyumbani. Mungu ana njia zake.

Jumanne, 16 Septemba

Nimempigia Rebeka. Nikamwambia mwanangu, punguza mkono. Jifanye una kidole kibaya. Akasema mama, mkono haunisikii, ukishaanza unakwenda wenyewe. Akauliza kwani ninyi huko mnacheleweshwa na nini. Nikamwambia ni upepo wa ziwa, unakaza mpira. Nikamwuliza kama anakula. Akasema anakula. Hakusema nini.

Jumatano, 17 Septemba

Nimebuni mpango! Anayepachika kushoto na kulia anapoteza muda kugeuza mkono. Nikasema meza yangu ifanye kushoto tupu, meza ya Paskazia kulia tupu. Paskazia akasema sawa, tuone. Jioni yeye ana kulia mia tisa. Sisi kushoto mia tano, maana asubuhi tulikuwa na wageni wa meza ya nne waliokuja kutujulia hali. Abdillah anahesabu jozi. Kulia mia nne zimebaki bila mwenzake. Paskazia akasema kiwanda kizima kikisikia, Mama Rebeka, kawauzie korongo wa pale soko la samaki Mwaloni, wao husimama mguu mmoja.

Nilimwuliza tu mama yake anaendeleaje.

Alhamisi, 18 Septemba

Abdillah amenifuata na saa yake tangu getini. Nikamsalimia mlinzi, mzee Muhidin, nikaulizia mguu wake, mkewe, na ng'ombe wake aliyepotea Magu. Nikapita meza kumi na moja. Wa Kisukuma mwangaluka, wa Kiswahili shikamoo, nikaitikia mmoja mmoja. Utaitikiaje kwa jumla, watu ni mbuzi? Nilipokaa kwenye stuli akabonyeza. Dakika arobaini na mbili!

Akasema hapa ndipo jozi zinapopotelea. Morogoro mtu akiingia anapunga mkono, anakaa. Nikamwonea huruma Rebeka. Nikamwuliza Abdillah kama mama yake yu hai. Akasema yu hai, ila presha. Tukazungumza. Alisahau kuwasha saa tena mpaka saa nne.

Ijumaa, 19 Septemba

Nimejikaza. Kwa ajili ya Rebeka nimepita getini kimya, macho chini. Meza kumi na moja, kimya. Saa tatu nina jozi mia. Sijawahi!

Saa nne mzee Muhidin akatuma mtu kuuliza nimefiwa na nani. Saa tano Paskazia akaja kunishika mkono, analia. Paskazia! Kabla sijafungua mdomo kina mama wa meza zote wamekaa chini kunizunguka, na bakuli la rambirambi linatembea. Nikasema jamani, hakuna msiba, nafanya haraka tu. Wakasema huo ni mshtuko, mwacheni. Mashine zikazimwa kwa heshima, saa nzima na nusu. Abdillah naye alivua kofia.

Jumamosi, 20 Septemba

Morogoro mia nne na tano. Mwanza mia mbili tisini na nane. Yakasomwa majina kumi. La kwanza langu. Jumatatu napanda basi. Paskazia akasema haya mama, kapunge mkono, kisha akalia tena, safari hii nadhani kweli.

Nimefika nyumbani Kisesa natabasamu. Kumbe mpango umefanya kazi, umepita mlango wa nyuma tu. Siletewi Rebeka, napelekwa kwa Rebeka!

Jumapili, 21 Septemba

Saa kumi jioni Rebeka huyu mlangoni na begi. Nikapiga vigelegele. Akasema yeye ndiye mwepesi kuliko wote Morogoro, kwa hiyo ameteuliwa kuja kuwafundisha Mwanza, mwaka mzima. Amepewa stuli yangu. Vigelegele vikaishia katikati. Shimba akasema mmekuwa kandambili za Jumatano, ya kushoto huku, ya kulia kule.

Rebeka amekonda. Akasema mama, kinachowachelewesha ni salamu. Nikamwambia ni upepo.

Lakini nimewaza. Yeye kaletwa nyumbani kwa wepesi. Basi nami nitakuwa mwepesi mpaka wanilete kufundisha. Nimefunga dagaa vifuko arobaini, nimpe kila mtu wa tawi lile chake mkononi, tujuane, aniambie kama wa kwao ni wazima. Nikimaliza wa arobaini, naanza mbio.

Daftari nawaachia mezani. Shimba aandike goti, baba mkwe chakula, Rebeka aandike amekula nini, Kashindye meno yamefika mangapi, na kuku wametotoa wangapi. Nijibuni upesi, maana huko sikai.