Vita vya Bi Desimali na Mabano ya Mraba

Jamani tegeni masikio, na mwenye kutafuna atafune polepole, kwa maana yanakuja masimulizi ya vita ambavyo hakufa mtu, ingawa mmoja alitamani. Shujaa ni Bi Desimali, mtakwimu wa hospitali, binti asiyekadiria, simba jike wa majedwali, aliyebakiwa na nusu saa tu kuupata wastani wa uzito wa watoto wachanga. Akishindwa, arudishwe bohari kuhesabu mafagio. Na bohari aliichukia kwa moyo wake wote.

Uzito ulihifadhiwa ndani ya orodha, ngome ya kompyuta yenye vyumba vingi, kila chumba na jina lake mlangoni. Tangu asubuhi alikuwa akiliandika jina la chumba, akilizingira kwa mabano ya mraba, akiamuru: toa wastani! Kompyuta ikakataa katakata. Kila alipoita, kililetwa chumba kizima, kuta na mlango, namba zimejifungia ndani.

"Ewe chuma usiye na mama!" akanguruma. "Nimekuomba uzito, wewe waniletea chumba?"

Mkuu wa kitengo, bwana wa kitambi na mikutano, akaingia na chupa ya chai kwapani. "Mwanangu, wakubwa wameshakaa. Namba iko wapi?"

"Iko njiani, mzee."

"Hata konokono yuko njiani." Akafungua kifuniko, akainamisha chupa juu ya kikombe. Kavu! Akaitikisa kwa ghadhabu. "Nani kaninywea chai yangu? Leo atanitambua!"

"Hakuna aliyeinywa, mzee. Umetoa kifuniko cha nje tu, kizibo cha ndani bado ki..."

Ghafla Bi Desimali akaigeukia kompyuta kama mtu aliyekumbuka kuwa ameacha chungu motoni. Jozi moja ya mabano huleta chumba. Ya kuingia ndani ni jozi ya pili! Akaongeza bano kushoto, akaongeza bano kulia, akabonyeza.

Naam, ngome ikaanguka!

"Kilo tatu nukta moja!" akapaza sauti, hata muuguzi wa chumba cha jirani akachungulia.

Mkuu akakodolea macho kioo. "Asubuhi nzima, kwa mabano mawili?"

"Na wewe, mzee, umeshindwa na kizibo kimoja."

Mzee akacheka mpaka kitambi kikatikisika, akang'oa kizibo, akammiminia yeye kwanza. Basi na wajue wajukuu wa wajukuu: siku ile mafagio ya bohari hayakuhesabiwa na mtu, na Bi Desimali alikunywa chai ya mkuu, ingali moto.