Gari la Mheshimiwa Halina Hitilafu

Idara yetu ina furaha kuutangazia umma kwamba gari jipya la Mheshimiwa Mkurugenzi Mkuu halina hitilafu yoyote. Linakwenda kilomita ishirini kwa saa kwa hiari yake. Mimi ni Afisa Itifaki Mkuu, nilikuwemo ndani, kwa hiyo porojo za mtaani achaneni nazo.

Gari lenyewe, jamani! Viti vya ngozi, friji, na kiti cha nyuma kinakanda mgongo. Ila kila Mheshimiwa akiketi, linalia ti-ti-ti na kugoma kuongeza mwendo. Fundi aliliangalia dakika mbili tu.

"Mwambieni mzee afunge mkanda," akasema. "Asipofunga, haliendi mbio. Ndivyo lilivyotengenezwa."

Tulicheka mpaka machozi. Nani amfunge paka kengele? Dereva aliyetangulia alithubutu kusema, "Mzee, mkanda," na leo analinda stoo ya matairi chakavu. Mheshimiwa anaamini mikanda ni ya watu wenye wasiwasi. Basi funika kombe mwanaharamu apite: tukaunda Kamati ya Mwendo, wajumbe kumi na mmoja, mwenyekiti mimi. Baada ya vikao sita tukaliandikia gari barua ya onyo, siku kumi na nne lijieleze. Halikujibu. Dharau ya wazi!

Ijumaa, saa nne kamili, Mheshimiwa alitakiwa kuapishwa kuwa Naibu Waziri, cheo alichokililia miaka tisa. Na gari tulilinunua mapema kwa ajili ya cheo hicho. Utaratibu ulikuwa mkali: asipoonekana, anaapishwa msaidizi wake. Tukaondoka saa tatu.

Ti-ti-ti.

"Kelele gani hii?"

"Gari linakusalimu, Mheshimiwa."

"Salamu isiyoisha?"

"Ni heshima, mzee."

Muuza mayai akatupita na baiskeli, trei zimepangana nyuma. Kisha msafara wa mazishi ukatupita, na wafiwa wakatupa pole sisi. Mheshimiwa akapiga kiti ngumi.

"Kanyaga mafuta, wewe!"

"Nimekanyaga mpaka mwisho, mzee," dereva akasema, akinitazama kwenye kioo. Nikamkonyeza anyamaze. Ana watoto wanne.

Bodaboda ikatupita vuuu, abiria kavaa suti na kofia ngumu.

"Yule si msaidizi wangu?"

"Wanafanana tu, Mheshimiwa."

Tulifika saa tano na robo. Mlinzi alikuwa anakunja viti.

"Mmechelewa, wazee wangu. Kaapishwa yule aliyekuja na bodaboda."

Naibu Waziri akatoka ukumbini. Akamwamkia bosi wake wa jana shikamoo ya adabu kabisa, akaingia kwenye gari letu lilelile, sasa gari la cheo chake, akavuta mkanda, akaufunga. Kimya. Halafu gari likachomoka kama mshale na kutuachia vumbi.

Mheshimiwa alisimama akilitazama mpaka likapotea. Machozi yalikuwa yamemlengalenga. Nami, kusema kweli, nilitamani ardhi inimeze.

"Ulijua?" akaniuliza.

"Kamati nzima ilijua, Mheshimiwa."

"Na hamkuniambia?"

"Ungetufukuza kazi, mzee."

Akajipangusa vumbi usoni.

"Ningewafukuza, kweli," akasema. "Lakini ningefika."