Sarauniya Hana Pembe

Jumatatu, 4 Machi
Naapa kuandika yote, hata yanayonivunjia heshima. Mwaka jana Shangazi Tasalla alitupa mimi na binamu yangu Larai mbuzi jike mmojammoja tumfugie, kwa desturi yetu: wakizaa, tunagawana nusu kwa nusu. Nilichagua kwanza. Nikachukua mnene, mrembo, asiye na pembe. Nikamwita Sarauniya, yaani malkia. Larai akaachiwa kimbaumbau mwenye pembe. Nilimwonea huruma.

Leo kimbaumbau kazaa pacha! Sarauniya? Hana hata dalili. Na Baba alishasema: nikipata mwanambuzi wangu, ndiye atakayeuzwa nipelekwe sekondari mjini Maradi. Larai kaniuliza kama malkia bado anasubiri mfalme. Nina mpango.

Jumatano, 6 Machi
Nilimwogesha Sarauniya, nikamvisha shanga, nikampeleka kwa beberu wa mwalimu wetu, Malam Ousseini. Aibu! Sarauniya akamnusa beberu, akampiga kichwa, kisha yeye ndiye akampanda! Beberu akakimbilia jikoni. Malam akacheka mpaka kofia ikamdondoka. “Balki, mwanangu, umeniletea bibi harusi au mpiga mieleka?” Larai alikuwepo. Larai hakosekani.

Ijumaa, 8 Machi
Daktari wa mifugo kaja kuchanja. Nikamwomba amtazame Sarauniya. Akainua mkia. Akauliza kama mama yake alikuwa na pembe. Hakuwa nazo. Na beberu aliyemzaa? Naye hakuwa nazo.

Akaeleza taratibu: nje ni jike, lakini ndani njia imeziba, kizazi hakikuumbika, na mahali pa mayai pana kende. Kazaliwa hivyo. Si kosa langu, wala si kijicho cha mtu. Wasio na pembe wakizaliana, baadhi ya majike hutoka namna hii. Akataka nirudie. Nikarudia neno kwa neno. Akanisifu mbele ya watu wote.

Kisha nikaenda kulia nyuma ya ghala la uwele. Larai akaja na kashata ya karanga, akanimegea, hakunitania hata kidogo. Hapo ndipo nilipolia zaidi.

Jumapili, 10 Machi
Shangazi ana huruma. Sarauniya atanoneshwa kwa ajili ya sikukuu. Mimi nichague mwingine. Wako wawili. Mmoja mdogo, ana vipembe. Wa pili ni mdogo wake Sarauniya, mama mmoja, baba mmoja: mkubwa, anang'aa, kichwa laini kama kibuyu! Larai akanikanyaga mguu. Wivu tu.

Nimefikiri kama nilivyofundishwa. Daktari alisema baadhi, hakusema wote. Ukoo huu umeshatoa fungu lake. Nikamchukua anayeng'aa. Ana nguvu ajabu: tangu mchana anawafukuza majike uani.

Daktari anapita tena kesho asubuhi. Nitamuuliza jambo moja tu, na nataka jibu papo hapo: nimlishe pumba kiasi gani ili azae pacha?