Siku Niliyomwaga Oili ya Jenereta ya Watu

Ndugu zangu wa Muyinga, leo Gitega imenivua nguo. Wahenga walisema mvuliwa nguo huchutama. Basi naandika barua hii nikiwa nimechutama, kwa shemeji, mlango nimeufunga.

Mnajua kilichonileta. Mashine ya kusaga ya mtaani kwetu ilikufa kwa beringi moja (beringi moja, wallahi!), na tangu hapo akina mama wanavuka bonde na ndoo kichwani kwenda kusaga upande wa pili, vita au si vita. Dada yangu Zaituni alirudi kutoka huko na risasi ya paja. Yeye ndiye mwenyekiti wa kikundi chetu cha mashine, mimi katibu kwa sababu ya mwandiko mzuri. Akanituma niombe mashine mpya kwa wafadhili.

Sasa, fomu yao ilikuwa ya Kifaransa. Mimi nimesomea Kigoma, Kifaransa changu kinaishia "bonjour". Kwenye hesabu za mashine kulikuwa na mstari umeandikwa "entretien". Nikaangalia kamusi ya mwalimu jirani: mazungumzo. Haya! Nikajaza: chai, sukari, mandazi ya watu kumi na wawili. Fomu ikaenda. Baadaye nikamsimulia Papa Deo, fundi wetu Mkongomani. Alicheka mpaka akakaa chini.

"We! Entretien ni kuchunga mashine! Ni kuipaka grisi mbele haijaanza kulia!"

Halafu ikaja barua: nifike Gitega, leo saa tatu asubuhi, kwa "entretien". Nikasema, alaa! Wameona kosa langu, wanataka kunipima kwa mikono. Safari hii siingii mkenge. Papa Deo akanifundisha siku nne na kuniazima spana zake.

Saa tatu kasoro leo nilikuwa getini kwa wafadhili. Ovaroli, kopo la grisi, spana begani. (Shemeji aliniuliza kama sina shati. Ninalo. Nililiacha kitandani.)

"We unatafuta nini?" mlinzi akauliza.

"Nimeitwa kwa entretien."

"Mashine iko moja tu huku, jenereta. Iko kule nyuma."

Hakuuliza zaidi, na mimi sikuuliza. Nikaizima. Nikafungua bolti ya chini, oili ikatoka. Jamani! Nyeusi, nzito kama uji uliolala. Kwenye kichujio cha hewa panya walikuwa wamezaa. Nikaingiwa na huruma ya kweli, maana mashine yenyewe bado ilikuwa mpya, rangi haijachubuka.

Mara ndani mtu akamlilia Mungu kwa Kirundi: "Mana yanje! Ripoti yangu!" Kompyuta ya sekretari ilikuwa imezimika na kazi ya asubuhi nzima. Dirisha likafunguliwa, akatokeza bwana mwenye tai.

"Nani amezima umeme?"

"Mimi! Wa Muyinga! Wa entretien!"

Akanitazama kuanzia kofia hadi viatu.

"Bwana, kamati inakungoja humu ndani. Entretien. Ma-zu-ngu-mzo!"

Kumbe neno moja lina maana mbili, na mimi nimezikosa zote mbili!

Nikaingizwa mbele ya watu watano, mikono myeusi hadi viwiko. Mama anayeongoza kamati akafungua karatasi zangu, akasoma kwa sauti: "Entretien ya mashine: chai, sukari, mandazi." Walicheka mpaka mmoja akavua miwani. Nilitamani ardhi ipasuke.

Yule mama alipojifuta machozi akasema, "Haya, washa jenereta tuendelee." Nikaomba oili mpya. Wakatazamana. Oili haikuwepo. Waliponunua jenereta walinunua jenereta peke yake. Kicheko kikaisha.

"Na yenu ikifa?" akaniuliza polepole.

Hapo nikasahau aibu. Nikamwambia ikifa, akina mama wanarudi bondeni, kwa hiyo isife. Mikanda, beringi, oili, vyote vinunuliwe siku ileile na mashine, maana wakifunga mpaka wa Tanzania pale Kobero hata nati hatupati. Na kila Ijumaa, watu wakiwa msikitini, mashine izimwe, ifunguliwe, ipakwe grisi, hata kama foleni imefika barabarani.

"Mbona haya hayako kwenye dosye, kwenye karatasi zako hizi?"

"Ni kweli, mama. Kwenye dosye kuna mandazi."

Amenirudishia fomu niandike upya, niilete keshokutwa. Hajasema ndiyo, hajasema hapana. Ila aliuliza la mwisho: hiyo Ijumaa nani ataisimamia? Anataka mtu asiyeondoka mtaani, asiyeona haya kuwafukuza watu na mahindi yao. Nikajibu bila kufikiri: dada yangu. Tangu risasi ile hatembei mbali, lakini akikaa mlangoni hapiti mtu. Mama akaandika jina lake, akapiga mstari chini yake.

Basi chekeni ninyi, lakini barua hii msimsomee Zaituni. Hajui bado kwamba ameajiriwa, tena bila mshahara.